Banda la Kazi kwa Mbao Kuukuu: Maswali Yenu na Majibu

Tangu nilipogusia kwamba mtu anaweza kujijengea banda la kazi nyuma ya nyumba bila ya kununua mbao mpya, maswali yamekuja kutoka Unguja na Pemba, na mengi yanafanana. Nimechagua haya. Msimamo wangu nautoa mapema kwa sababu utajitokeza kila mahali: ubao, bati, mlango na jiwe chukua kikuukuu na kitakutumikia miaka. Lakini kile kinachoshikanisha vitu hivyo, yaani msumari, bolti, saruji na waya wa umeme, nunua kipya. Mabanda mengi niliyoyaona yakianguka, ubao ulikuwa mzima na msumari ndio ulioliwa na kutu.

Assalaam alaykum fundi. Kuna jahazi limevunjwa pwani yetu na mwenyewe yuko tayari kuniuzia mbao zake. Zinafaa kwa nguzo na meza ya kazi? (Msomaji, Mkokotoni)

Waalaykumu salaam. Zinafaa sana, lakini usinunue fungu zima kwa kulitazama tu. Jahazi haliwi la mti mmoja. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, huchaguliwa mti mgumu, ila ubavuni mbao hubadilishwa kila likitengenezwa, na huko utakuta mchanganyiko, pamoja na mwembe ambao hauna umri mrefu. Nenda na bisibisi kali. Chomeka kila ubao sehemu tatu au nne, hasa kwenye maungio na penye msumari, maana kuoza huanzia hapo. Ncha ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, ubao huo uache. Kisha gonga kwa nyundo: ubao mzima hulia, uliooza ndani haujibu. Tazama na vichwa vya mbao. Ukiona matundu mengi ya duara, hayo ni ya wadudu wa baharini, na ndani uharibifu ni mkubwa kuliko unavyoonekana nje.

Ukishazifikisha nyumbani usikimbilie msumeno. Mbao hizo zimejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ukizipigilia hivyo hivyo, misumari yako mipya italiwa upesi. Ukizipata kabla ya masika, zipange nje mvua izioshe, halafu zipeleke kivulini, uweke vijiti baina ya ubao na ubao ili upepo upite, uzisubiri zikauke taratibu. Juani zitapasuka. Penye sifa nyingi, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, kwangua kwanza, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta yale na harufu yake itakaa nawe bandani.

Halafu misumari. Tafuta spika iliyokufa, toa sumaku yake, uipitishe polepole juu ya ubao wote. Inaponata, kuna chuma, hata kama kichwa kimeshakatika na huoni kitu. Kitoe kwa tindo na koleo kabla ya randa kupita, na vaa miwani unapofanya hivyo. Mataruma yaliyopinda usiyanyooshe. Yageuze viegemeo vya rafu, umbo lake lenyewe ni nguvu ambayo ubao ulionyooka hauna.

Nina mabati niliyoyaezua nyumba ya zamani. Yana kutu na matundu ya misumari. Niyatumie au niyauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? (Msomaji, Micheweni)

Yachambue kwanza. Inua kila bati juani, wewe ukae upande wa kivuli, utazame. Matundu ya misumari utayaona wazi, hayo yanazibika. Ukiona nyota nyota ndogo zimetawanyika, bati hilo limekwisha, liuze. Mara nyingi kutu hushika chini, kwenye ukingo, na pale mabati mawili yalipolaliana. Kata ukingo huo, utabakiwa na bati fupi lakini zima. Banda la mteremko mmoja halihitaji mabati marefu.

Sasa kuezeka, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Msumari upige juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita. Chini ya kichwa cha kila msumari weka kipande cha mpira ulichokata kwenye tyubu ya baiskeli. Matundu ya zamani yazibe kwa lami na kiraka cha bati. Bati la juu lilalie la chini angalau sentimita 15, na ubavuni lilale mgongo mmoja na nusu.

Na kumbuka kusi, upepo utokao kusini. Kwetu mvua kubwa ya masika hufika wakati upepo unageukia kusini, na ndio unaosukuma maji chini ya bati. Basi ikiwa paa lako limelala kaskazini na kusini, bati la kwanza liweke mwisho wa kaskazini, uendelee kusini, kila bati likilalia lile la nyuma yake. Mdomo wa bati utaelekea kaskazini na kusi itapita juu. Mtu akianzia upande wa pili, anaulaumu ukuukuu wa bati na hali kosa ni la mpangilio. Mwisho, kenchi zifunge kwenye nguzo kwa waya mnene au bendi za chuma, usitegemee misumari peke yake. Banda jepesi lililo wazi mbele hunyanyuliwa na upepo kutoka ndani.

Mzee wangu anasema nikate mikoko kwa nguzo, jirani anasema nguzo yoyote inafaa nikiipaka oili chafu dhidi ya mchwa. Nimsikilize nani? (Kijana, Chwaka)

Mzee wako anaujua mti: boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe. Lakini mikoko haikatwi ovyo, inahitaji kibali, na ndiyo inayoishika pwani yenu na kulea samaki wenu. Tafuta boriti zilizotoka katika nyumba zinazobomolewa. Zikiwa kavu na nzima, hazina tofauti na mpya.

Oili chafu naomba uiache, kijana wangu. Ardhi yetu sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye mianya, na unachomwaga leo uani kinaweza kuteremka hadi kwenye kisima mnachokunywa. Oili yenyewe haifai kushikwa kwa mikono kila siku. Mchwa mzuie kwa kumnyima njia: nguzo isiguse udongo. Mwaga zege kwenye ndoo iliyotobolewa kitako, ichimbie mpaka ibaki shubiri moja juu ya ardhi, usimamishe nguzo juu yake kwa kipande cha chuma na bolti. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake ya udongo mbele ya macho yako, nawe utaibomoa.

Nimenunua drili na msumeno wa umeme uliokuja kwenye kontena kutoka Japani. Drili imetoa moshi mara ya kwanza tu. Nimeuziwa kitu kibovu? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Huenda ilikuwa nzima. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, mota inaungua. Msumeno usiuguse kabla ya kusoma kibandiko chake. Kikisema 100V, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati nyingi kuliko za msumeno wenyewe. Hata zana za Uingereza zitazame vizuri: za nyumbani hutumia volti zetu, lakini zile za wajenzi zenye plagi ya manjano ni volti 110. Waya za ukutani na za kuongezea urefu zisiwe za kuokota. Bandani kuna vumbi la mbao na maranda makavu, na cheche moja inatosha.

Mimi ni mama, najifunza useremala. Nataka kufanya meza ya kazi kwa mlango wa nyumba ya marehemu bibi, una nakshi kidogo juu. Na urefu wake uwe kiasi gani? (Wete)

Hongera, mama. Huo mlango usiukate. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na milango ya nakshi ni sehemu ya sifa yake, lakini nakshi za Pemba nazo ni urithi uleule, na zikikatwa hazirudi. Uhifadhi ndani, pasipovuja. Kwa meza tafuta mbao za madirisha ya zamani au mlango wa mbao nzito. Milango ya plaiwudi iliyo tupu ndani haifai, ukigonga nyundo inarukaruka.

Urefu: simama wima, mikono iteremke, ukunje ngumi. Uso wa meza ufike kwenye ngumi ukitaka kupiga randa, kwa sababu unasukuma kwa uzito wa mwili na si kwa mabega. Usikubali meza ya kipimo cha mwanamme mrefu. Miguu yake ifunge kwenye nguzo za banda isiteleze.

Patasi na randa za zamani zimejaa kutu. (Msomaji, Jambiani)

Zitie kwenye siki usiku mmoja, zisugue kwa brashi ya waya, suuza, kausha papo hapo, paka mafuta ya cherehani. Chuma cha zamani kinashika makali vizuri. Kwa hewa yenu ya pwani, mafuta paka kila unapomaliza kazi.

Nimepewa mabati ya kijivu, mazito, yanavunjika kama kigae. (Msomaji, Chake Chake)

Yanaweza kuwa ya asbesto. Usiyakate, usiyatoboe, usiyavunje, na watoto wasicheze karibu. Vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Yafunike kwa turubai, uulize baraza la mji namna ya kuyaondoa.

Vijana wanapita na mkokoteni wakiuza nondo na bomba rahisi. Ninunue? (Msomaji, Fuoni)

Waulize vimetoka nyumba gani, na uende ukaione. Wakisita, waache wapite. Wakikubali, andikianeni karatasi, mpige picha vitu, na sheha ajue kabla hujavifunga kwenye banda lako.