Kuanza ARV ukiwa kwenye dawa za TB
Je, mwenye VVU anayetibiwa TB (kifua kikuu) asubiri miezi 6 ya dawa za TB iishe ndipo aanze ARV, yaani dawa za kufubaza VVU? Hapana, usisubiri. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2021 unataka zianze ndani ya wiki 2 baada ya kuanza dawa za TB, CD4 (seli za kinga ya mwili) ziwe juu au chini. TB ndiyo inayoongoza kuua watu wenye VVU, ndiyo maana tangu sera ya WHO ya 2004, iliyoboreshwa 2012, huduma za TB na za VVU zinatakiwa ziende pamoja. Isipokuwa TB ya utando wa ubongo: hapo ARV husubiri wiki 4 hadi 8. Na kama unapewa dolutegraviri, mojawapo ya ARV, mkumbushe mhudumu kuhusu dozi, tafadhali: rifampisini, dawa ya TB, huipunguza nguvu, hivyo miligramu 50 humezwa asubuhi na jioni.