Maswali Yenu: Sakura Ando kabla ya Godzilla

Wengi mmemjua Sakura Ando, mwigizaji wa Kijapani, kupitia Godzilla Minus One (2023), yule jirani anayemfokea rubani aliyerudi kutoka vitani akiwa hai, kisha anatoa mchele wake kwa ajili ya mtoto mchanga. Mmeuliza alikotokea. Alitokea kwenye filamu za bajeti ndogo.

Nianze na ipi?

100 Yen Love (2014), ya mwongozaji Masaharu Take. Ichiko, anayechezwa na Ando, ana miaka 32, anaishi kwa wazazi wake wauza chakula, hana kazi, kutwa michezo ya video. Anagombana na dada yake, anahama, anapata kazi ya usiku kwenye duka la bei chee, kisha anajikuta kwenye jimu ya ndondi. Mtazame mabega. Mwanzoni anatembea kama mtu anayeburuta godoro. Baadaye, ngumi zikimwingia mwilini, hata namna ya kusimama kaunta inabadilika, wala hakuna anayetuambia kwa maneno kwamba amebadilika. Ando aliongeza uzito kwa ajili ya nusu ya kwanza, akaupunguza haraka kwa ajili ya ulingo. Matokeo ya pambano siyasemi. Filamu hii ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Japan Academy.

Si amebebwa na baba yake?

Baba yake ni Eiji Okuda, mwigizaji na mwongozaji, na filamu ya kwanza ya binti ilikuwa ya baba. Mlango alifunguliwa, sikatai. Ila akiwa ulingoni baba hamsaidii kitu.

Filamu yake 0.5mm inazidi saa tatu. Nitavumilia?

Gawa siku mbili, hakuna atakayekushitaki. Imeongozwa na dada yake, Momoko Ando, kutokana na riwaya yake mwenyewe. Ando anacheza Sawa, mhudumu wa wazee anayepoteza kazi na makao, kisha anaanza kuwanasa wazee wenye siri ndogo za aibu na kuhamia kwao. Anawatisha kidogo, anawapikia, anawaogesha. Ni tapeli au malaika? Ando anakataa kuchagua, ndiyo maana sikusinzia.

Shoplifters nayo ni filamu huru, ya bajeti ndogo?

Hapana, hiyo ya Hirokazu Kore-eda ilikuwa na kituo kikubwa cha televisheni nyuma yake. Ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2018. Lakini kile kilio cha Ando mbele ya polisi, anavyojifuta uso kwa viganja tena na tena, ni mavuno ya filamu zile ndogo.

Kuna moja isiyozungumzwa sana?

Our Homeland (2012) ya Yang Yong-hi, Mkorea aliyezaliwa Japani. Kaka anarudi Tokyo kutoka Korea Kaskazini kutibiwa baada ya miaka 25, akifuatwa na mlinzi kila hatua. Ando ndiye dada mtu. Kuna mahali anamwambia yule mlinzi usoni kwamba anamchukia yeye na nchi yake. Jibu la mlinzi nendeni mkalisikie wenyewe.