Nikifanyiwa upasuaji wa mkojo, utamu ndo basi?

Mwenye Kanga Nne, barua yako nimeisoma mara mbili mdogo wangu. Una miaka 43, watoto watatu, ukikohoa au ukicheka mkojo unachomoka, na kitandani hivyo hivyo mpaka unatandika kanga nne chini ya shuka na baba watoto haambiwi kwa nini. Sasa dokta kakwambia uwekewe mkanda, na shoga yako kakutisha kwamba ukishakatwa huko utamu ndo basi.

Shoga yako mwache kwanza. Huo mkanda unapitishwa chini ya mrija wa mkojo, kupitia kijitundu kwenye ukuta wa mbele wa uke, uushikilie mrija usiachie ukikohoa. Wanawake wengi waliofanyiwa, tendo limebaki vilevile au limekuwa tamu zaidi, na sio kwamba mkanda una dawa, ni vile mtu haogopi tena kulowesha godoro, hebu niambie wewe, nani anafika kileleni huku anawaza kanga zimelowa ngapi?

Ila sikufichi, wapo wachache wanaopata maumivu wakati wa tendo, na ule mkanda wa wavu wa plastiki unaweza ukachomoza ndani ya uke ukamchoma hata mume. Uingereza mwaka 2018 walisitisha hizo nyavu, wanawake walilalamika sana. Kwa hiyo muulize dokta, anaweka wavu au anatumia nyama ya mwilini mwako mwenyewe? Na umwambie bila aibu unavuja saa ngapi, mume akiingia au ukifika kileleni, maana ule wa kileleni mara nyingi ni kibofu kinajikaza chenyewe, na huo mkanda sio dawa yake.

Halafu mazoezi ya kubana misuli ya nyonga umefanya? Barua haisemi. Miezi mitatu, kila siku, unabana kama unayezuia mkojo (sio kubana makalio, wengi wanakosea hapo), kuna wanaopona bila kuguswa na kisu.

Ukifanyiwa, wiki sita hivi hakuna tendo. Baba watoto utamwambia nini wiki zote hizo, kichwa kinauma? Leo usiku toa kanga moja chini ya shuka, mwonyeshe.