Seva ya DDR4 iliyojaa RAM, au ya DDR5 yenye RAM nusu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninasimamia mifumo ya chuo cha ufundi. Tuna seva mbili za Xeon E5-2600 v4 (prosesa za Intel) zinazobeba mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja: hifadhidata ya wanafunzi, Moodle ya masomo ya mtandaoni, mfumo wa uhasibu unaotumia Windows Server na nyingine ndogondogo. Zimezeeka. Nimeletewa profoma mbili zenye bei zinazokaribiana. Ya kwanza ni seva iliyotumika, EPYC (prosesa ya AMD) ya familia ya 7003, kori 24, RAM ya DDR4 GB 256 kwa vipande nane vya GB 32. Ya pili ni mpya, EPYC 9004, kori 24, RAM ya DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, GB 128 kwa vipande vinne vya GB 32. Bosi anataka mpya, muuzaji anasema DDR4 imepitwa na wakati, fundi wetu anasisitiza nianze na chipseti, yaani chipu saidizi za bodi kuu. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa profoma hizo zilivyo, chukua ya kwanza. Sababu iko kwenye idadi ya vipande vya RAM.

EPYC 7003, iliyotoka 2021, ina chaneli nane za kumbukumbu, yaani njia za data kati ya prosesa na RAM. DDR4 ya kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde katika kila chaneli, kwa hiyo vipande nane, kila kimoja na chaneli yake, vinafikisha GB 204.8. EPYC 9004, ya Novemba 2022, ina chaneli 12, na DDR5 ya 4800 hupitisha GB 38.4 kwa kila moja. Zikijaa zote ni GB 460.8, zaidi ya maradufu. Namba hiyo ni ya kweli, ila wewe umewekewa vipande vinne tu. Nne mara 38.4 ni 153.6. Utalipia teknolojia mpya kisha uanze kazi na mkondo wa data mwembamba kuliko wa seva ya kizazi kilichopita, huku RAM ikiwa nusu. Na kwenye seva ya mashine pepe, mara nyingi RAM ndiyo huisha kwanza, kori zikiwa bado zina nafasi.

Fundi wako anazungumzia jambo lililokuwa kweli enzi zile kidhibiti cha kumbukumbu kilipokaa kwenye chipseti. AMD ilikiingiza ndani ya prosesa kwa Opteron mwaka 2003, Intel ikafuata kwa Xeon 5500 mwaka 2009. EPYC haina chipseti ya pembeni kabisa. Xeon bado inayo, kwa mfano C741 kwenye kizazi cha nne cha Xeon Scalable, lakini inahudumia SATA, USB na vifaa vya aina hiyo. Haitakuamulia kasi ya hifadhidata.

Kinachostahili kuulizwa ni soketi, yaani tundu la prosesa kwenye bodi, na hapo bosi wako ana hoja nzito. SP3, soketi ya 7003, imefika mwisho wake: baada ya 7003 hakuna prosesa mpya itakayoingia humo. SP5 inayobeba 9004 inapokea pia 9005 iliyotoka Oktoba 2024, mradi bodi na BIOS (programu ya kuiwasha) ya mtengenezaji ziruhusu. Basi mrudie bosi na ombi moja: aongeze fedha ili chaneli zote 12 zijae, hata kwa vipande vya GB 16. Hapo una GB 192 na mkondo mzima, nami nabadili jibu langu papo hapo. PCIe 5.0 ya seva mpya, njia ya kuunganishia diski na kadi, isikushawishi, diski za NVMe za PCIe 4.0 zinatosha kabisa kwa kazi ulizozitaja.

Ukienda DDR5, hakikisha profoma imeandikwa RDIMM, vipande vya RAM vya seva, si UDIMM, vya kompyuta za kawaida. UDIMM ya DDR5 hutumia volti 5 na RDIMM volti 12, na pengo la kuchomekea limewekwa mahali tofauti, kwa hiyo haziingiliani. Pia, marekebisho ya makosa yaliyomo ndani ya chipu za DDR5 hayachukui nafasi ya ECC, urekebishaji wa makosa ya RAM ambao seva huufanya. Wauzaji wengi huyachanganya haya mawili.

Ukichukua iliyotumika, usilipe kabla haijawashwa mbele yako. Ingia BIOS uone vipande vyote vinane vinasomeka, kila kimoja kwenye chaneli yake, kwa kasi ya 3200. Uliza pia kama prosesa imefungwa kwa mtengenezaji wa seva hiyo. Baadhi ya watengenezaji huifunga EPYC kwa usalama wa kuwasha, na kufuli hilo halifunguki: bodi ikifa, prosesa haitafanya kazi kwenye bodi ya kampuni nyingine. Usijaribu kuokoa pesa kwa kuchanganya humo RAM ya zile Xeon zako, kwani vipande vyote vitashuka hadi kasi ya kile kilicho taratibu zaidi.

Kuhusu Windows Server, leseni za kawaida huhesabu kori zote za seva, na kiwango cha chini ni 16. Kori 24 maana yake unalipia nane za ziada. Omba bei ya prosesa ya kori 16 kabla hujasaini chochote.

Mwisho, unahama kutoka Intel kwenda AMD. Mashine pepe hazitahamishwa zikiwa zinafanya kazi. Kila moja itazimwa, ihamishwe, iwashwe upande wa pili. Panga kazi hiyo wakati wa likizo, anza na zile ndogondogo, na hifadhidata ya wanafunzi iwe ya mwisho, baada ya kuchukua nakala na kujaribu kuirejesha.