Re: Nimekaza glandi ya pampu, sasa inatoa moshi

Mkuu hapo kwenye kukaza glandi (kile kifuniko chenye nati kinachobana pakingi, yaani pete za kamba zinazozunguka shafti kuzuia maji) mpaka maji yakakata kabisa ndo umejichongea, huo moshi ni pakingi inaungua. Pakingi sio mekanikali sili (ile ya nyuso mbili laini zinazosuguana, isiyotakiwa kudondosha), yenyewe lazima idondoshe, yale maji ndo yanaipoza, matone kama 40 hadi 60 kwa dakika uko poa. Hiyo iliyoungua usihangaike kuilegeza ishakuwa ngumu, kata umeme, funga valvu, toa pete zote za pakingi mpaka ya mwisho kule ndani (wengi wanachomoa mbili za mbele wanaongezea mpya juu, uvivu tu) halafu pitisha kucha kwenye slivu ya shafti (bomba linaloivika shafti), ikikwama kwenye mfereji basi slivu imelika, hata ufunge pakingi ya dhahabu itavuja tu. Pete mpya weka moja moja, maungio yapishane nyuzi 90, na ile pete yenye matundu ikae usawa wa tundu la maji ya kupoza. Nati za glandi anza kwa vidole, washa, iache ivuje haswa, ndo ukaze kidogo kidogo pande zote sawa, subiri kama dakika 10 kabla ya kugusa spana tena. Glandi ikipata moto, legeza.