Maswali ya Wasomaji: Ujuzi Usioandikika

Swali: Kampuni yetu imehifadhi kumbukumbu za kazi zote kwenye kompyuta, lakini ubunifu hauonekani. Tumekosea wapi?

Jibu: Kuandika si kosa, kosa ni kudhani kwamba kila ujuzi huandikika. Mwaka 1985, kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, ilipokuwa ikiunda mashine ya kuokea mkate nyumbani, ganda la mkate liliungua huku ndani kukiwa kubichi, na hata picha za eksirei za donge la unga hazikuwasaidia wahandisi. Hatimaye mtaalamu wa programu za kompyuta wa kampuni hiyo, Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini humo, akaona kwamba mikono ya mwokaji huyo ilivuta donge huku ikilisokota, jambo ambalo pengine mwokaji mwenyewe (mafundi ndivyo walivyo) hakuwahi kulitamka. Mashine ikaongezewa mbavu za ndani za kuiga mvuto huo.

Basi, kabla ya kununua programu nyingine, mpelekeni mbunifu wenu akae na fundi au mteja kwa wiki kadhaa, bila kuhesabiwa mtoro. Afadhali waende wawili, kwa kuwa uhusiano ulioshikwa na mtu mmoja huondoka naye siku anapoacha kazi.