Maswali ya Wasomaji: Ukoko Mweupe Kwenye Chemchemi ya Ukumbusho

Swali: Chemchemi ya ukumbusho katika uwanja wa jiji letu ina beseni la marumaru na sanamu ya shaba. Ukoko mweupe umeanza kufunika majina yaliyochongwa ukingoni. Mtunzaji ashauriwa ausugue kwa siki. Ni sawa?

Jibu: Hapana, siki ibaki jikoni. Ukoko huo ni chokaa inayobaki maji yanapokauka, na marumaru nayo ni kalsiamu kaboneti vilevile. Asidi haibagui: itakula ukoko na herufi pamoja. Funika sehemu hiyo kwa vitambaa vilivyolowa kwa saa chache, kisha usugue taratibu kwa brashi ya nailoni na kijiti cha mbao. Brashi ya waya isiguse jiwe, maana chembe zake hubaki humo na kuacha madoa ya kutu.

Lakini kwanza jueni maji yanakokwenda. Beseni linalovuja huongezwa maji kila mara, na kila nyongeza huleta chokaa mpya. Zima pampu, funga bomba la kujazia. Chota maji ya beseni kwenye ndoo, iweke ndani ya beseni juu ya tofali, halafu tia alama usawa wa maji ndani ya ndoo na kwenye ukuta wa beseni. Pima baada ya saa 24. Vyote vikishuka sawa, ni jua na upepo tu. Beseni likishuka zaidi, kagua viungo vya mawe na mahali mabomba yanapopenya. Rudia pampu ikifanya kazi. Upotevu ukionekana hapo tu, kosa liko kwenye mabomba ya pampu, au upepo unatupa maji nje. Punguzeni urefu wa mrusho.

Viungo vizibwe kwa chokaa na mchanga, si saruji. Saruji ni ngumu mno, hivyo kinachoweza kupasuka ni jiwe.

Swali: Klorini itaondoa ukoga?

Jibu: Itauondoa, ila ikizidi hula shaba, na michirizi ya kijani hushuka hadi kwenye marumaru. Safisheni chujio, toeni sarafu, na sanamu ipakwe nta kila mwaka.

Swali: Ni kweli zamani watu walikunywa maji ya chemchemi hizi?

Jibu: Ndiyo, baadhi zilijengwa kwa kazi hiyo. Ile ya Tyler Davidson huko Cincinnati, Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1871 kwa gharama ya shemeji yake Henry Probasco, ina sanamu nne ndogo pembeni zilizotoa maji ya kunywa. Ya kwenu inazungusha maji yaleyale kwa pampu, kwa hiyo msiyanywe.